Mkoba mmoja, pasipoti ishirini na tatu: siku ya kupanda meli Kilindini

Simu ya kwanza ilinikuta kitandani, saa kumi na mbili u nusu asubuhi. "Mwanangu, sisi tumeshafika. Askari atwambia geti halifunguliwi saa hizi." Walikuwa kina mama saba, mdogo wao ana miaka sitini na mmoja. Waliswali alfajiri, wakapanda tuktuk tatu na masanduku yao, na sasa walikuwa wamekaa juu ya masanduku hayo nje ya bandari, wote na leso sare za zambarau, wakinywa kahawa chungu. Meli ilikuwa iondoke saa kumi na moja jioni.

Kosa lilikuwa langu. Karatasi ya kampuni ya meli iliandika 12:00, yaani saa sita za mchana, nami nikanakili tarakimu hizo kwenye kundi letu la WhatsApp: "Tukutane bandarini saa 12." Wanaofanya kazi afisini wakasoma adhuhuri. Wale wasiohesabu saa kwa Kizungu wakasoma kumi na mbili, na mtu wa pwani akiambiwa saa kumi na mbili kwa safari, anajua ni ya asubuhi. Nilipofika na vikombe vya uji kuwaomba radhi, mmoja wao, ambaye humu nitamwita shangazi kwa sababu ndivyo tunavyomwita sote, alicheka: "Afadhali kungoja meli kuliko meli ikungoje." Meli haimngoji mtu, nikamwambia. "Basi ndiyo maana tumekuja mapema."

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu tangu siku ile vyama viwili vimeshaniomba niviratibie safari ya namna hiyo, na kimoja kimeanza kwa kunipangia: pasipoti zote utakaa nazo wewe, zisipotee. Nimekataa. Sababu ni hii hapa chini.

Chama chenyewe ni cha kina mama wa Mombasa na Kwale, ishirini na watatu, waliochanga miaka mitatu. Mimi nilikuwa mratibu wao tu, sikusafiri. Safari ilikuwa ya usiku saba: kupanda Kilindini, kupita Unguja, kuishia Ushelisheli, kisha kurudi kwa ndege. Mwezi ulikuwa Januari, katikati ya kaskazi, ambao ndio msimu wa meli za kitalii kwetu. Nyingi ya meli hizo hufunga gati kwa siku moja tu. Wageni hushuka, hupelekwa Fort Jesus na Mji wa Kale, wengine hukimbizwa Tsavo, jioni wanarudi ndani na meli inaondoka. Abiria wa kuanzia safari hapa hapa ni wachache. Kwa hiyo hakuna mtu mtaani wa kumuuliza siku ya kupanda inakwendaje. Ukienda Umra utawakuta watu mia wa kukueleza kila hatua mpaka viatu uviweke wapi, lakini kwa meli, kila mmoja wetu alikuwa mgeni.

Na ugeni ule tuliufunika kwa desturi tuliyoizoea, desturi ya basi la arusi. Basi la arusi haliondoki mpaka wote wawemo. Akikosekana mmoja, dereva anapigiwa makelele, anangoja. Chakula kiko kwenye sufuria moja na zawadi ziko kwa mtu mmoja. Meli haina habari na kundi lako. Ina majina ishirini na tatu kwenye orodha ya abiria, kila jina na kabini yake, na kila jina linapita mezani peke yake, na pasipoti yake, kadi yake ya chanjo na uso wake mbele ya kamera. Mambo yaliyotuharibikia siku ile, ukiacha lile la saa, yaliharibika pale tulipojifanya mtu mmoja.

Wazo la mkoba lilitokea kikaoni, mwezi wa Novemba. Mama mmoja alikuwa amepoteza kitambulisho matatuni, watu wakaingiwa na hofu, na mwenyekiti akaamua: pasipoti zote zikusanywe, zikae kwa mweka hazina, ndiye anayekaa na pesa zetu na hajapoteza hata shilingi. Nilikuwepo na sikupinga. Moyoni nililiona jambo jema, kwa kuwa nilishapiga picha kurasa za mbele za pasipoti zote mwezi wa Oktoba kwa ajili ya kujaza fomu za meli na vibali vya mtandaoni vya kuingia Ushelisheli. Majina yalikuwa sawa, tarehe zilikuwa sawa. Nikaamini nimekagua. Kumbe nilikagua picha, si kitabu.

Mweka hazina anakaa Ukunda. Mkoba, wa ngozi ya rangi ya kahawia wenye zipu mbili, uliwekwa chini ya kabati tangu Novemba, na mvua za vuli zilimalizikia juu yake.

Saa sita ilipofika tulikuwa kumi na tano mbele ya terminali. Ni jengo zuri, lililotokana na ghala la zamani la mizigo pale gati namba 1, na siku hiyo kulikuwa na ngoma ya kuwapokea watalii waliokuwa wakirudi kutoka matembezini. Saa yetu ya kuingia ilikuwa sita hadi saba. Kila kundi hupewa saa yake ili watu wasirundikane kwenye mashine za kukagulia mizigo. Ukichelewa hufukuzwi, unarudishwa nyuma ya foleni ya waliokuja kwa saa yao. Jambo la kuogopa ni saa ya mwisho: dakika tisini kabla ya kuondoka orodha inafungwa. Kwetu ilikuwa saa tisa u nusu.

Ndani ya jengo walikuwepo maafisa wa Uhamiaji, meza za meli, viyoyozi, viti. Sisi kumi na tano tulikuwa juani, kwani hata kuingia mlango wa kwanza ilitakiwa pasipoti mkononi, na pasipoti zilikuwa ng'ambo, Likoni, kwenye foleni ya feri.

"Niko foleni," mweka hazina akanambia. "Mbele yangu kuna magari kama arobaini."

Walikuwa wanane kwenye matatu ya kukodi, na masanduku ya watu kumi na wawili juu yake. Walitoka Ukunda saa nne, safari ya kilomita thelathini hivi, wakaona muda ni mwingi. Dereva angepita barabara ya Dongo Kundu angezunguka Miritini, Changamwe, akaingia kisiwani kwa Makupa bila kuiona feri. Ni mbali zaidi, na ukikutana na matrela Changamwe utajuta, lakini muda wake unakadirika. Foleni ya magari Likoni haikadiriki. Na kama vile haitoshi, saa saba kasoro robo feri zikasimama zote mbili kuipisha meli ya makontena iliyokuwa ikiingia. Lango la Kilindini ni hilo hilo moja, na feri ndiyo inayopisha.

Hapa ndipo nilipopaswa kuamua, na nilichelewa kwa nusu saa nzima. Kwa nusu saa hiyo nilikuwa nikiuliza swali baya: matatu itafika saa ngapi? Swali la kweli lilikuwa: mkoba utafika saa ngapi? Mkoba una miguu miwili, ya mweka hazina. Mtu wa miguu Likoni halipi, hapangi foleni ya magari, na kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Nikampigia: "Dada, shuka garini. Chukua mkoba peke yake, vuka na watu, ng'ambo hii panda tuktuk uje."

"Na masanduku?"

"Yaache na wenzako. Sanduku likikosa meli, mwenyewe atalala na leso ya kuazima. Pasipoti ikikosa meli, hakuna safari."

Alishuka. Alikuja kunisimulia baadaye kwamba alivuka ameufunga mkoba kifuani kwa ushungi, kama mtoto mchanga, na kijana mmoja akampisha kiti. Saa nane kasoro dakika kumi tuktuk ikasimama mbele yetu.

Tukadhani taabu imekwisha, na kumbe pale pale pakazuka ubishi mkubwa kuliko yote. Mwenyekiti hakutaka tuingie. "Tumechanga pamoja miaka mitatu. Wenzetu saba wako ng'ambo, nasi tuingie kwenye baridi tuanze kula? Haiwi." Kina mama wakamuunga mkono. Mimi ni mtoto kwao. Kumwambia mtu mzima kwamba umoja wake ndio utakaomwacha gatini hakupendezi, na sikujua niseme vipi kwa adabu. Nikamwambia hivi: "Bi mkubwa, kila mmoja wetu akiingia sasa, foleni ya wale saba inapungua. Tukiwangoja hapa, wakifika tutakuwa ishirini na watatu kwenye meza mbili." Akafikiri. Akasema, "Waingie. Mimi nitakuwa wa mwisho." Hilo nikalikubali haraka kabla hajabadili nia.

Pasipoti zilikuwa zimefungwa kwa mipira ya nywele, tano tano. Zote rangi moja, zote na nembo moja, na ndani yake picha za wanawake waliojifunga ushungi kwa namna moja wakiangalia kamera kwa hasira moja. Tulizigawa juu ya sanduku kama karata. Wawili majina yao mawili ya mwanzo ni yale yale, na bila shaka walibadilishana. Mmoja akafika mpaka meza ya Uhamiaji, afisa akaangalia picha, akamwangalia yeye, akauliza, "Mama, umezaliwa mwaka gani?" Akataja mwaka wake. "Hapa umezeeka miaka kumi na moja." Foleni nzima ilicheka isipokuwa aliyekuwa mwenye picha.

Kwenye mizigo palikuwa na mengi, nitataja moja. Kampuni ya meli ilisisitiza kwamba pasipoti na dawa zisiwekwe kwenye masanduku makubwa, kwa kuwa masanduku yanachukuliwa na wapagazi pale chini na hayaonekani mpaka yapelekwe mlangoni pa kabini, pengine jioni. Mimi nikaandika kwenye kundi: "Pasi na dawa zisiingie sandukuni, zibebwe mkononi." Dawa za presha na sukari zilibebwa mkononi, alhamdulillahi. Na mama mmoja wa Kibokoni alifungua mkoba wake mbele ya mashine akatoa pasi, ile ya kunyoshea nguo, imezungushiwa waya wake vizuri. "Si mlisema isiingie sandukuni?" Pasi ya umeme ni marufuku melini, pamoja na jiko dogo, mshumaa na chetezo cha udi, kwa sababu moto ni kitu kinachoogopwa na mabaharia kuliko dhoruba. Tulikuwa na vyetezo vinne. Mahamri pia yalikataliwa, mfuko mzima wa mama mwingine, kwani chakula kilichopikwa nyumbani hakiingii. Vyote vikarundikwa kwangu mimi niliyekuwa sisafiri.

Kwenye meza ya afya alisimamishwa mmoja. Kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano ilikuwa mpya, safi, ya siku sita. Chanjo hiyo huhesabika kuanzia siku ya kumi, na anayetoka Kenya kwenda Unguja au Ushelisheli anaulizwa kadi. Nikamuuliza kwa nini alichanja wiki ile.

"Kadi yangu ya Hijja ilikwisha. Imeandikwa mpaka 2023."

Alihiji 2013. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, hata zile za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Shirika la Afya Duniani ndilo lililobadilisha kanuni. Kadi aliyodhani imekufa ilikuwa hai, na ile mpya ndiyo iliyokuwa haijaanza kazi. Hiyo ya zamani ilikuwa Majengo, kwenye mkebe wa biskuti, chini ya vyeti vya watoto. Mpwa wake akaileta kwa bodaboda kwa dakika ishirini na tano. Kama kila mmoja angeambiwa alete karatasi zake zote kikaoni na kuzisoma mbele ya mwenzake, angeokoa sindano moja na jasho la watu wawili.

Shangazi alikuwa wa kumi na tatu kuitwa. Pasipoti yake ndiyo iliyokuwa chini kabisa ya mkoba.

Afisa aliifungua, au tuseme alijaribu kuifungua, ikatoa sauti ya karatasi inayobanduka ukutani. Kurasa za nyuma zilikuwa zimegandana. Jalada lilikuwa na alama ya maji ya umbo la wimbi, na kandokando yake ukungu wa kijivu. Muhuri wa Jeddah ulikuwa umetapakaa ukawa doa la buluu. Afisa akaiweka kwenye mashine mara tatu, akaifuta kwa kitambaa, akajaribu mashine ya pili. Chipu haikusoma. Alikuwa kijana mpole, nitamshukuru kwa hilo. "Mama, hii imeharibika. Hata mimi nikikupitisha, kule unakokwenda watakurudisha, na meli itatozwa faini."

Mtu akasema, si ana kitambulisho? Kitambulisho hakifiki Ushelisheli. Nikatoa picha ya Oktoba kwenye simu, ukurasa unang'aa, kila herufi inasomeka. Afisa akaitazama kwa heshima na kunirudishia simu.

Mweka hazina alikaa chini pale pale sakafuni. Nyumba yake ilivuja vuli, alijua, aliweka beseni sebuleni, hakuwazia kabati. Na shangazi hakuwa ameishika pasipoti yake kwa miezi miwili. Angeishika hata mara moja mwezi wa Disemba, angeuhisi unyevu kwa kidole, na Afisi ya Uhamiaji ipo hapa hapa Mombasa. Hicho ndicho ninachokiita hesabu ya mkoba: ulizuia kupotea kwa pasipoti, jambo ambalo halikutokea kwa yeyote, ukaleta macho mawili pahali pa macho arobaini na sita.

Matatu ilifika saa nane na dakika arobaini. Wale saba wakapita upesi, meza zikiwa karibu tupu. Mwenyekiti aliingia wa mwisho, saa tisa na dakika ishirini, baada ya kumkumbatia shangazi muda mrefu bila kusema neno.

Kutoka hapo sikuona, nilisimuliwa. Walifika kabini, masanduku hayajafika, wakataka kula, kengele ikalia: kila mtu kwenye kituo chake kwa zoezi la dharura. Walinung'unika. Zamani zoezi hilo liliweza kungoja mpaka siku ya pili. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba Italia, watu 32 wakafa, na abiria karibu 700 waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo hawakuwa wamefanya zoezi lolote. Tangu 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Mmoja wao alinitumia picha ya mwenyekiti na jaketi la uokozi juu ya buibui, uso mkali kama wa kwenye pasipoti.

Suala la pesa halijaisha. Kampuni ya meli haikurudisha kitu, na mkataba unasema wazi kwamba stakabadhi ni jukumu la abiria mwenyewe. Bima nayo ikajibu vivyo hivyo. Ndani ya chama kuna wanaosema ni bahati mbaya ya mvua. Maoni yangu, na nimeyasema kikaoni mbele ya mweka hazina: mvua ilinyesha kwake, lakini uamuzi ulikuwa wa chama, na aliyekunyang'anya kitu ili akutunzie anakidhamini. Chama kimlipe shangazi nauli yake yote. Ada yangu ya uratibu kwa upande wake nimesharudisha, pamoja na ya yule wa kadi ya Hijja, kwa kuwa mimi ndiye niliyepaswa kujua habari ya 2016 na kuwaambia. Wamekubali nusu. Tunaendelea.

Jioni ile mimi na shangazi hatukwenda nyumbani. Alisema hataki kufika mapema, majirani watauliza. Tukapanda tuktuk na sanduku lake, vyetezo vinne, pasi ya yule mama wa Kibokoni na mfuko wa mahamri, tukashuka Mama Ngina, pale ambapo kila meli inayotoka Kilindini lazima ipite chini ya macho yako. Wauza mihogo walikuwa wameshawasha makaa. Saa kumi na moja na robo ikatokea, nyeupe, kubwa kuliko mtaa, feri zote mbili zimesimama kuipisha.

"Wako upande gani?"

Nikampigia mwenyekiti. Mara kwenye reli ya juu vikaanza kupepea vitambaa vya zambarau, vidogo kama maua. Shangazi akavua leso yake akaipeperusha kwa mikono miwili, akihesabu kwa sauti. Alifika kumi na tisa, akapotea, akaanza tena. Meli ilipopinda kuelekea bahari kuu alikaa juu ya sanduku, akatoa pasipoti yake mkobani, akajaribu kubandua kurasa mbili kwa ukucha. Zikachanika. Akaifunga, akaufungua mfuko, akanipa hamri moja, naye akachukua moja.

"Ya kwake yule hutiwa iliki nyingi mno," akasema.